Tuko tisa, leni mbili, saa moja: tupange vipi mazoezi?

Swali: Mimi ni mama wa miaka 46, naishi Nairobi West. Tuko tisa, wengi wetu wa ofisi moja, na tumekodi leni mbili katika bwawa la mita 25 kila Jumanne na Alhamisi, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa moja asubuhi. Mkubwa wetu ni mzee wa miaka 61, mdogo ana 33. Wawili waliogelea walipokuwa shuleni, mmoja amejifunza mwaka jana tu. Kocha hatuna. Tukiingia majini kila mtu huenda na kurudi mpaka achoke, kisha tunakaa ukingoni tukipiga stori. Miezi minane sasa hakuna aliyeongeza kasi, na bega langu la kulia limeanza kuuma. Nilichapisha programu ya Wamarekani kutoka kwenye intaneti, ikatushinda siku ya kwanza. Mwaka ujao tungependa kushindana, hata kama ni sisi kwa sisi. Hiyo saa moja niipange vipi?

Jibu: Dada, ile programu iweke kando, na uwaambie wenzako kwamba kushindwa nayo hakukuwa uvivu. Karatasi za aina hiyo nimeziona zikivunja moyo vikundi vingi vya watu wazima hapa mjini, na kila mara sababu ni zilezile.

Kwanza kuna kipimo. Mabwawa mengi ya Marekani hupimwa kwa yadi, na yadi 100 ni mita 91 na ushei. Ukiogelea mita 100 kwa muda uliopangiwa yadi 100, unaogelea karibu mita tisa za ziada katika kila raundi. Kwa mwendo wa watu kama ninyi, hizo ni sekunde kumi na tatu hivi za mapumziko zilizopotea. Baada ya raundi kumi umenyimwa zaidi ya dakika mbili za kuvuta pumzi, na hapo lazima mtu ashike ukuta.

Kisha kuna mwinuko. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa hapa ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na Mombasa. Maji yanakupinga vilevile popote ulipo, lakini kila pumzi unayovuta hapa ina oksijeni pungufu. Sisi wakazi tumezoea kiasi kwamba hatuoni tofauti tukipanda ngazi za ofisi. Tofauti inajitokeza pale unaporudia umbali uleule kwa bidii na mapumziko mafupi. Seti, yaani mfululizo wa raundi, iliyoandikwa na mtu wa usawa wa bahari mimi huiongezea sekunde tano hadi kumi za kupumzika kila raundi, na sioni aibu yoyote kufanya hivyo.

Lakini sababu kubwa, ambayo nataka tukae nayo, ni kwamba programu ile imepangwa kwa mita. Kikundi chenu kipangwe kwa dakika.

Nikueleze kwa mfano wa mtoto wa Nairobi, Jason Dunford. Kwenye Olimpiki ya Beijing mwaka 2008 aliogelea mita 100 za kipepeo katika mchujo kwa sekunde 51.14, ikawa rekodi ya Olimpiki kwa muda mfupi, kisha akamaliza wa tano katika fainali. Kwa muogeleaji wa kiwango hicho, seti ya mita 100 mara kumi ni kazi ya dakika kumi na kitu, ukitoa mapumziko. Mpe seti hiyohiyo mwenzenu anayetumia dakika 2 na sekunde 40 kwa kila mia: amefanya kazi ya karibu dakika 27. Yule aliyejifunza mwaka jana atapita nusu saa. Kwenye karatasi seti ni moja, ila miilini ni mazoezi matatu tofauti kabisa, maana moyo na misuli havihesabu mita. Vinahesabu umefanya kazi muda gani, kwa nguvu kiasi gani, na umepumzika kwa muda gani.

Kwa hiyo kila sehemu ya asubuhi yenu ipewe dakika zake. Wote waanze pamoja, wote wamalize pamoja, kila leni iende umbali wake. Hivyo aliyejifunza mwaka jana hatabaki akimalizia peke yake huku wengine wakimtazama, jambo ambalo limewatoa watu wengi bwawani kuliko uchovu.

Kabla ya kupanga lolote, pimeni bwawa. Miaka kadhaa iliyopita nilifundisha kikundi katika bwawa la makazi ya watu ambalo kila mtu aliliita la mita 25. Muda wao ulikuwa mzuri mno, nami nikajua kuna kitu hakiko sawa. Asubuhi moja nikaja na futi kamba ya fundi, mlinzi akanishikia upande wa pili: mita 22 na nusu. Mama mmoja aliyekuwa amefurahia sana muda wake mpya alinyamaza, akavua miwani, akaipangusa kwa muda mrefu. Sitaki hilo liwakute. Mabwawa mengi ya vyumba vya kupanga na ya hoteli hapa Nairobi hayafiki 25, na hakuna ubaya mradi ujue. Ukijua, unahesabu kwa urefu wa bwawa na kuandika muda wako kwa urefu huo.

Halafu Jumanne moja itoeni iwe ya kipimo. Nusu yenu waogelee mita 400 kwa mwendo mzuri kuliko wote wanaoweza kuushikilia mpaka mwisho, nusu wakae ukingoni na kalamu, kila mmoja akimhesabia mwenzake. Badilishaneni. Mkishapumzika, fanyeni hivyohivyo kwa mita 200. Kisha toa muda wa 200 kutoka kwenye muda wa 400, gawanya kwa mbili. Tuseme umetumia dakika 10 kwa 400, na dakika 4 na sekunde 40 kwa 200. Tofauti ni dakika 5 na sekunde 20, nusu yake ni dakika 2 na sekunde 40. Huo ndio mwendo wako wa msingi kwa kila mita 100: mwendo ambao mwili unaweza kuuvumilia kwa muda mrefu bila kuzidiwa, na ndio utakaojenga nao karibu kila kitu. Ukifika ukutani kwa mwendo huo unaweza kusema sentensi fupi, lakini huna hamu ya kusema ya pili. Asiyeweza mita 400 mfululizo asilazimishwe: aogelee 50 mara nne, apumzike nusu dakika kati ya kila moja, na wastani wa hizo nne, ukizidishwa mara mbili, utamtosha kwa sasa.

Sasa saa. Nunueni saa ya ukutani ya kawaida, kubwa, yenye mshale wa sekunde unaoonekana kwa mbali, muiegemeze kwenye kiti mwisho wa bwawa. Ndiyo kocha mliyemkosa. Wa kwanza kwenye leni anaondoka mshale ukiwa kwenye 12, wa pili ukiwa kwenye 1, wa tatu kwenye 2, na hapo mna sekunde tano kati ya mtu na mtu bila yeyote kuhesabu. Kwenye leni ya polepole achaneni sekunde kumi: 12, 2, 4, 6, 8. Kila mtu akumbuke aliondoka mshale ukiwa wapi, maana wa tatu akifika na kusoma muda wa kiongozi atajipa sekunde kumi ambazo si zake. Na chagueni vipindi vya kuondoka vinavyoisha kwa dakika kamili au nusu. Kuondoka kila dakika 2 na sekunde 50 kunaonekana vizuri kwenye karatasi, lakini mshale unahama kila raundi, na ikifika raundi ya nne, mtu mwenye pumzi za kukatika hawezi tena kujua aondoke saa ngapi. Mkiondoka kila dakika tatu, kila mara ni kwenye 12.

Kuna jambo la leni ambalo hukuliuliza, lakini nimeshaliona kwenye vikundi vya ofisi na vya kanisa. Kwa heshima, watu humwacha mzee au bosi atangulie, hata kama mwendo wake ni wa chini, kisha wanne wanajazana nyuma yake wakiogopa kumpita. Mzee naye anahisi anasukumwa, anaharakisha, pumzi inamwishia katikati ya bwawa. Mnamuumiza kwa kumheshimu. Mpeni yule mzee wa 61 aongoze kupasha mwili, apige mwendo wake, na wote wamfuate. Seti kuu ikianza, atangulie mwenye mwendo wa leni hiyo siku hiyo. Kubalianeni kabla ya kuingia kwamba kuguswa unyayo mara moja maana yake ni “nisaidie nipite”: aliyeguswa anasimama pembeni ukutani, mwenzake anapita, maisha yanaendelea. Na msimwache mtu mmoja aongoze kila wiki, kwa sababu anayefuata miguuni mwa mwenzake anavutwa na maji ya mbele na kufanya kazi pungufu. Badilishaneni, kila mtu auonje ugumu wa mbele.

Haya, asubuhi yenyewe. Mmesema saa kumi na mbili, lakini kwa watu wanaotoka pande zote za jiji, wengine wakitegemea matatu, hesabuni dakika 55 za majini na msijidanganye kwamba ni 60. Anayewahi afanye dakika tano nchi kavu: kuzungusha mikono, kuchuchumaa na kuinuka, kuruka kidogo papo hapo. Seti nzima isomwe hapo, watu wakiwa wakavu. Iandike kwa kalamu ya risasi, iingize kwenye mfuko wa plastiki wa faili, umwagie maji na uubandike kwenye vigae vya ukuta; utaganda wenyewe. Kikundi kinachojadili seti kikiwa ndani ya maji kinapoteza joto na dakika kwa pamoja, na mwezi wa Julai, bwawa lisilo na hita, joto ndilo linaloisha kwanza. Kanuni za mashindano zinataka maji yawe kati ya nyuzi 25 na 28. Mabwawa yetu mengi alfajiri ya Julai hayafiki huko, kwa hiyo katika miezi hiyo ya baridi fanyeni mapumziko yawe mengi na mafupi badala ya machache na marefu, na mwogelee polepole dakika mbili zaidi kabla ya kazi yoyote nzito.

Dakika kumi za kwanza ni za kupasha mwili. Msihesabu mita. Ogeleeni mkijisikiliza, kila urefu wa tatu (urefu ni kutoka ukuta mmoja hadi mwingine) uwe wa chali ili mabega yafunguke upande wa pili, na dakika mbili za mwisho mpige urefu nne, kila mmoja ukizidi kidogo kasi ya uliotangulia. Mwili wa miaka 25 unaweza kurushwa moja kwa moja kwenye kazi. Wa 46 unakulipisha siku inayofuata.

Dakika kumi zinazofuata ni za ufundi, na hapa nakuomba kwa moyo wote: kitu kimoja tu kwa siku. Watu wazima wana akili ya kuchambua, na hiyo ndiyo inayowaponza. Wakiambiwa kiwiko, kichwa, miguu na nyonga kwa pamoja, wanakaza mwili mzima. Mkianza, wiki nne za kwanza zitoeni kwa pumzi, kwa sababu karibu kila mtu mzima aliyejifunza ukubwani anabana pumzi uso ukiwa majini, kisha akigeuza kichwa anataka kutoa na kuvuta hewa kwa mara moja katika nafasi isiyotosha hata moja. Anachoka baada ya urefu wa pili na kudhani hana mazoezi.

Fanyeni hivi. Shika ukuta, uso majini, toa hewa puani na mdomoni polepole kama mtu anayepuliza chai ya moto, mpaka usikie mapovu yakipita masikioni. Geuza kichwa bila kukiinua: jicho moja libaki majini, miwani iwe nusu ndani nusu nje, na mdomo uvute hewa kwa pembeni, kwenye kibonde kidogo kinachojitengeneza kando ya kichwa unapokwenda mbele. Ukiona taa za dari au mawingu umegeuka kupita kiasi. Ukiona ukingo wa bwawa, hapo sawa. Baada ya mara kumi ukutani, ogelea urefu mmoja ukiwa umelala ubavu, mkono wa chini ukiwa umenyooshwa mbele, piga miguu mara sita, vuta, geukia upande wa pili, miguu sita tena. Wenye vifundo vya miguu vigumu (na hao ni wengi miongoni mwa waliokimbia sana au waliokaa sana kwenye kiti) wavae mapezi mafupi, vile viatu vya mpira vyenye umbo la mkia wa samaki. Mapezi si udanganyifu. Yanampa mtu mwendo wa kutosha ili mwili ulale juu ya maji na aweze kufikiria kile kimoja mlichochagua.

Sasa seti kuu, dakika 24. Jumanne iwe ya mwendo wa msingi. Wote wanaondoka kila dakika tatu, raundi nane. Leni ya kwanza, wenye mwendo wa dakika 2 na sekunde 40 hivi kwa mia, wanaogelea mita 100 na kupumzika sekunde 20. Leni ya pili, wenye mwendo wa dakika 3 na sekunde 20, wanaogelea mita 75, wanatumia dakika mbili na nusu, wanapumzika nusu dakika. Saa ni ileile, kazi inakaribiana, umbali tofauti. Angalia jambo moja dogo linalovuruga wengi: 75 ni urefu mara tatu, kwa hiyo leni ya pili inamalizia upande wa pili wa bwawa na raundi inayofuata inaanzia huko. Basi saa iwekwe mahali inapoonekana kutoka pande zote mbili, na wote wa leni hiyo waogelee 75. Aliyejifunza mwaka jana akiogelea 50 peke yake atabaki upande huu huku wenzake wako ule, na raundi ya tatu watakuwa wanagongana. Mpe mapezi, aende 75 na wenzake. Akichoka, aache raundi moja nzima na arudi kwenye inayofuata.

Alama ya kufaulu kwa seti hii ni kwamba raundi ya nane imeogelewa kwa muda uleule wa ya kwanza. Nasisitiza hili kwa sababu wanaume hasa, na waliowahi kushindana shuleni, wataruka raundi ya kwanza kwa sekunde 15 za haraka na kufa raundi ya tano. Waambie waziwazi: ukianza haraka umefeli seti, hata kama umewaacha wote. Na mkimaliza raundi zote nane kwa muda sawa wiki mbili mfululizo, ongezeni raundi ya tisa na ya kumi kwa kupunguza dakika za kupasha na za ufundi. Baada ya hapo ndipo mnaruhusiwa kupunguza mapumziko. Msiongeze vyote viwili wiki moja.

Kisha dakika sita za kasi: urefu mmoja mara sita, mkiondoka kila dakika. Piga mita 15 za kwanza kwa nguvu zote, maliza zilizobaki polepole. Mzee wenu wa 61 asiachwe nje ya sehemu hii. Umri unakula nyuzi za misuli za haraka kwanza, na asiyezitumia anazipoteza mapema zaidi. Akitaka, aogelee raundi tatu tu badala ya sita, apumzike dakika mbili kati yake, ila hizo tatu ziwe za kweli. Dakika tano za mwisho ni za kushuka taratibu, chali au mtindo wowote, mpaka mapigo ya moyo yatulie. Msizikate kwa sababu ya mkutano wa saa mbili. Kata raundi moja ya seti kuu ikibidi.

Ukijumlisha, leni ya kwanza itakuwa imekwenda kama mita 1,600 na ya pili kama 1,200. Utakutana na watu watakaokuambia hiyo ni kidogo. Kwa saa isiyotimia, mara mbili kwa wiki, na kila mita ikiwa na kazi yake, ni nyingi kuliko yale mliyokuwa mkiogelea kwa miezi minane.

Alhamisi mfumo ni uleule, ila seti kuu inabadilika: mita 50 mara kumi na mbili, kuondoka kila dakika mbili. Nne za mtindo huru, nne za chali, nne za mtindo wowote upendao, na katika kila nne, ya nne iwe ya haraka kuliko zote. Leni ya pili wavae mapezi ili wapate mapumziko ya kutosha. Mapumziko ni marefu makusudi. Kasi haifundishwi kwa mwili uliochoka. Kila wiki ya nne punguzeni kazi kwa theluthi moja hivi, na kila baada ya wiki sita rudieni kile kipimo cha 400 na 200.

Bega lako. Bila kukuona siwezi kusema ni nini, lakini maumivu ya bega kwa mtu anayeogelea mtindo huru tupu miezi minane huwa na chimbuko ninaloweza kukisia: mkono unaingia majini ukiwa umevuka mstari wa kichwa kwenda upande wa pili, kidole gumba kikitangulia. Kila mvuto unabana sehemu ileile ya bega, mamia ya mara kwa asubuhi. Jaribu kuingiza mkono mbele ya bega lako, kiganja kikitazama chini, hata kama utahisi mikono imeachana mno. Mwombe mwenzako akutazame akiwa amesimama mbele ya leni. Atakuambia imenyooka tu. Zile seti za chali nilizoziweka kila mahali ni kwa ajili yako pia. Usivae vibao vya plastiki vya mikononi vya kuvutia maji, hata kama wengine wanavyo. Na ikiwa bega linakuamsha usiku, au huwezi kuinua mkono kufikia rafu ya juu jikoni, acha kuogelea umwone mtaalamu wa viungo kwanza.

Mawili ya usalama, nayo hayana mjadala. Yeyote mwenye presha, kisukari au tatizo la moyo amwone daktari kabla ya kuanza seti hizi, na ajue kwamba baadhi ya dawa za presha huzuia mapigo ya moyo yasipande, kwa hiyo asijipime kwa mapigo. Ajipime kwa pumzi na ile sentensi fupi ukutani. La pili, hakuna mashindano ya kubana pumzi chini ya maji, hata ya mzaha. Mtu akivuta pumzi nyingi za haraka kabla ya kuzama, anapunguza ile hewa chafu (kabonidioksidi) inayouonya mwili kwamba ni wakati wa kupumua. Anazimia bila onyo, kimyakimya, mara nyingine kwenye maji yanayomfika kifuani. Kama mwokoaji wa bwawa hajafika saa kumi na mbili, msubirini mkiwa nchi kavu.

Kuhusu kushindana: duniani, mchezo huu wa watu wazima, ambao huitwa masta, huanzia miaka 25 chini ya kanuni za World Aquatics, shirikisho la dunia la michezo ya majini, na watu hupangwa kwa makundi ya miaka mitano mitano. Wewe ungekuwa kundi la 45 hadi 49, mzee wenu 60 hadi 64. Lakini kwa mara ya kwanza, sisi kwa sisi, naomba mjaribu shindano la kukadiria. Kila mtu anaandika kwenye karatasi muda anaoamini ataogelea mita 200, mnaficha saa, mnaogelea, na mshindi ni aliyekaribia zaidi kile alichokiandika. Aliyejifunza mwaka jana anaweza kumshinda aliyeogelea shuleni, na anayeshinda ni yule aliyejifunza mwendo wake mwenyewe katika zile raundi nane za Jumanne.

Kisha malizieni na mbio za kupokezana. Katika masta, timu ya wanne hupangwa kwa jumla ya umri wao: kuna kundi la 120 hadi 159, la 160 hadi 199, la 200 hadi 239, na kuendelea. Mzee wa 61, wewe wa 46, yule wa 33, na mwingine wa 40 mnafanya 180. Katika hesabu hiyo, miaka ya mzee ni mali ya timu. Mpangeni aogelee wa mwisho.